Safari ya Likoni: Tuliyojifunza Katika Nyumba ya Wazee



Sisi watu wa pwani tumezoea kusema ya kwamba nyumba za kulelea wazee ni desturi ya watu wa mbali, na ya kwamba kwetu mzee hukaa barazani kwake, wajukuu wakamzunguka, mpaka siku yake ifike. Maneno haya ni mazuri, na laiti yangekuwa kweli kwa kila mzee. Lakini yuko aliyekuwa baharia, akaoa bandari hii na ile, na leo hana mtoto anayemjua. Yuko bibi aliyewazika wanawe wote. Yuko aliyekuja Mombasa kijana mwenye nguvu kuchukua mizigo gatini Kilindini, akazeekea katika chumba cha kupanga, na nguvu zilipomwisha hakuwa na pa kurejea. Hawa nao ni wazee wetu, na haki yao juu yetu haikupungua kwa kuwa hawalali majumbani mwetu.

Katika likizo ya madrasa iliyopita, sisi walimu wawili pamoja na wanafunzi sita wakubwa tulifunga safari kwenda kuzuru nyumba moja ya wazee ng'ambo ya Likoni. Tulikuwa tumesikia ya kwamba katika mwaka 2020, milango ilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, nyumba hiyo ilipata njia ya kuwazuia wazee wake wasivunjike moyo. Tukapenda kuona kwa macho yetu na kuuliza kwa ndimi zetu. Jina la nyumba hatulitaji, kwa kuwa wenyewe hawakupenda kutangazwa. Walitwambia tuandike mambo yenyewe, huenda yakamfaa mtu.

Tulitoka Mji wa Kale saa mbili za asubuhi, tukaipita Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, tukashika njia ya ufukoni penye mibuyu mikubwa mpaka Kivukoni. Kivuko cha Likoni hakimtozi nauli mtu anayevuka kwa miguu, na kwa hivyo huonekana hapo watu wa kila namna: wachuuzi na vikapu vyao, wafanya kazi, wanafunzi, wagonjwa wapelekwao hospitali. Wote husimama bega kwa bega mpaka feri iguse ng'ambo. Mtu akiutazama umati ule hufahamu upesi kwa nini katika mwaka ule wa maradhi mahali hapa palitiliwa hofu kubwa, hata likajengwa daraja la kuelea pale Liwatoni, likaanza kupitisha watu Januari 2021, ili kupunguza msongamano wa ferini.

Kutoka ferini tulipanda matatu kwa muda mfupi, kisha tukenda kwa miguu katika njia ya mchanga baina ya minazi. Nyumba yenyewe haina fahari. Ni jengo la chini lenye paa la mabati na baraza ndefu inayoelekea mashariki, na uani mna mwembe mmoja na kisima. Wazee walikuwa kumi na wanane, wanaume kumi na mmoja na wanawake saba. Tulipiga hodi, tukakaribishwa na mama mlezi, mwanamke wa makamo mwenye maneno machache, ambaye wazee wote humwita "mwanangu" na yeye huwaita "baba" na "mama", kila mmoja kwa jina lake. Tuliwashika wazee mikono mmoja mmoja, vijana wetu wakasema shikamoo, tukaletewa kahawa chungu na tende, tukakaa.

Tulipomwuliza mama mlezi habari za mwaka 2020, alinyamaza kidogo, kisha akaanza tangu mwanzo.

Wasomaji wanakumbuka jinsi mambo yalivyokwenda. Machi 2020 maradhi yalithibitishwa kuingia Kenya, na kabla mwezi ule haujakwisha mikusanyiko ilikatazwa, misikiti ikafungwa, madrasa zikafungwa, na watu wakaamriwa wasitoke nje usiku. Aprili 8 ilikatazwa kuingia wala kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Ramadhani ilipoandama mwishoni mwa Aprili, hapakuwa na tarawehe msikitini wala futari ya pamoja. Kisha Mei 6, tukiwa bado katika mfungo, Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake, watu wake wasitoke na wa nje wasiingie, mpaka mwanzo wa Juni.

Katika kufunga milango hapakuwa na kosa. Dini yetu ilikwisha kutufundisha zamani ya kwamba tauni ikizuka katika nchi, aliye nje asiingie na aliye ndani asitoke. Na korona iliwaua wazee kupita vijana, kwa hivyo nyumba kama ile ilipasa kulindwa kuliko nyumba nyingine yoyote. Mama mlezi alifunga lango, akaweka ndoo ya maji na sabuni, akavaa barakoa, akakataza wageni. Miili ya wazee ikalindwa. Lakini baada ya wiki tatu aliona jambo ambalo hakuna aliyemwonya.

Sahani zilirudi jikoni na chakula kilekile. Waliokuwa wakiamka alfajiri na mapema wakawa hulala mpaka jua kali, na usiku wakawa macho wakihesabu mabati. Bibi mmoja aliyekuwa na kumbukumbu njema akaanza kuuliza kila saa leo ni siku gani. Wazee wawili waliokuwa wazungumzaji wakubwa wa barazani wakanyamaza kabisa. Na wale wenye masikio mazito walizidi kutaabika, kwani mzee asiyesikia sawasawa huyasoma maneno katika midomo ya msemaji, na barakoa ilikuwa imeificha midomo. Wakadhani wanasemwa kwa siri. Televisheni nayo ilikuwa wazi mchana kutwa, ikitaja hesabu ya wagonjwa na ya maiti.

Watu wa nje walijitahidi kusaidia kwa namna walivyojua. Wengine walileta biskuti na sabuni, wakaziweka langoni, wakapiga picha, wakaenda zao. Kundi moja la vijana lilisimama nje ya ua na kipaza sauti, likatoa mawaidha marefu juu ya mauti na kaburi. Nia yao ilikuwa njema. Walipomaliza, bibi mmoja wa Lamu, mwenye umri wa miaka themanini na kitu, aliita kutoka barazani, "Wanangu, ahsanteni. Mauti twayajua, yako jirani. Hebu tuambieni ndizi sokoni zauzwaje siku hizi?"

Mama mlezi alisema ya kwamba neno lile ndilo lililomfungua macho. Bibi yule hakuwa na haja ya ndizi. Alitaka ahesabiwe bado yumo katika dunia ya watu wanaokwenda sokoni.

Tangu siku ile mama mlezi aliacha kuuliza, "Wazee wangu, mwataka nini?" kwa kuwa jibu lilikuwa lilelile, "Hatutaki kitu." Akaanza kusema, "Nina shida, nisaidieni." Alimwendea mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa Kurani kwa miaka mingi, ambaye macho yake yameingia mtoto wa jicho, akamwambia ya kwamba mwanawe amekaa nyumbani, madrasa imefungwa, na juzuu aliyokwisha kuhifadhi inampotea. Mzee akasema, "Mlete kwenye simu." Kesho yake saa kumi alasiri mtoto alisoma na mzee akasikiliza, akamrudisha alipokosea, akampa wadhifa wa siku ya pili. Baada ya wiki moja walikuwa watoto wanne, na baada ya mwezi walikuwa tisa, kila mmoja na saa yake.

Mama mlezi alitueleza jambo moja ambalo vijana wetu hawakulisahau njiani wakati wa kurudi. Mzee yule alikuwa, kila siku kabla ya saa kumi, akiomba maji, akitawadha, akivaa kanzu safi na kofia, akikaa wima kitini akiingoja simu ilie. Watoto hawakuwa wakimwona, na yeye hata angekuwa nao asingewaona vizuri. Lakini alikuwa anangojwa na watu, na mtu anayengojwa hujiweka tayari. Chakula chake kilianza kuliwa. Usingizi wake ukarudi mahali pake.

Kutokana na hayo mama mlezi alimtafutia kila mzee kazi ambayo, asipoifanya, kutaonekana pengo. Wazee wanne waligawana adhana, kila mmoja na wakati wake. Mmoja alipewa ubao na chaki, awe akiandika kila asubuhi siku, tarehe ya Kiislamu na ya kizungu, na upepo unavumaje. Na bibi aliyekuwa akisahau siku ndiye aliyewekwa kuusoma ubao ule kwa sauti. Wanawake waliletewa miyaa, wakasuka ukili, kila mmoja ukanda wake, kisha kanda zikashonwa pamoja zikawa mkeka mmoja. Tuliuona, nao ndio uliotandikwa katika chumba cha kusalia. Wapenda bao walicheza viti vikiwa mbali na ubao katikati, kete zikioshwa kwa sabuni kila baada ya mchezo, na watazamaji wakibishana kutoka kitandani kupitia madirishani. Mwembeni palilimwa matuta mawili ya mchicha na rehani, na mzee asiyeweza kuinama alikuwa mwenye kuhesabu ndoo za maji. Televisheni ilifunguliwa mara moja kwa siku, kwa habari, kisha ikafungwa. Na kwa wenye masikio mazito mama mlezi alikuwa akisimama mbali, uani penye hewa, akiishusha barakoa na kusema polepole akiwatazama usoni, ili waione midomo yake.

Yatazameni mambo haya, wasomaji. Hakuna hata moja lililohitaji fedha nyingi.

Katika wazee wale alikuwamo nahodha wa zamani. Alikuwa amesafiri katika majahazi tangu utotoni, akaujua upepo wa kaskazi unaoleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na upepo wa kusi unaovirejesha, na akapakia boriti za Rufiji kuzipeleka Ghuba. Huyu hakutaka ubao wala bao. Mama mlezi akamtafutia kijana wa miaka kumi na minne wa Mji wa Kale, mwenye kupenda habari za bahari, na kila usiku baada ya Isha walizungumza kwa simu. Nahodha alimpeleka kijana safari moja tangu Mombasa, bandari baada ya bandari: Lamu, Kismayu, Mogadishu, kisha Mukalla. Kila kituo alimweleza maji yake, miamba yake, alama za nchi kavu, na nyota ya kushika. Kijana aliandika katika daftari la shule.

Katikati ya Ramadhani nahodha alishikwa na homa, na siku ya nne akafariki. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Jamaa zake wachache walikuwa Mji wa Kale, na Mji wa Kale ulikuwa umefungwa, hawakuweza kuvuka. Alizikwa na watu wachache wa mtaa kwa haraka, kama walivyozikwa wengi mwaka ule. Kijana naye hakuweza kuja.

Daftari tuliliona, kwa kuwa kijana yule, ambaye leo ni mtu mzima na anafanya kazi, aliliacha pale nyumbani lisomwe na wageni. Limeishia Mukalla. Ukurasa unaofuata una kichwa cha maneno tu, "Kutoka Mukalla kwenda Sur", na chini yake ni mitupu. Mmoja wa wanafunzi wetu aliuliza kama hapakuwa na nahodha mwingine wa kulimalizia. Mama mlezi akamjibu, "Nyumbani kwenu yuko nani?" Kijana akainama. Hatukumwuliza kwa nini.

Julai 2020 misikiti ilifunguliwa tena kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na wasiingie walio chini ya miaka 13 wala waliozidi 58. Madrasa ziliendelea kufungwa. Shuruti hizo ziliwekwa kwa kulinda roho za watu, nasi hatuzilaumu. Lakini fikirini ni nani waliobaki nje ya mlango. Ni mtoto na mzee. Hawa wawili ndio waliokuwa na wasaa mrefu kuliko watu wote, mmoja ana masikio mapya na mwingine ana mambo ya miaka sabini, na katika nyumba nyingi kila mmoja alikaa chumbani kwake akitazama ukuta au akitazama simu. Nyumba ile ya Likoni iliwakutanisha. Faida haikuwa ya wazee peke yao: watoto tisa wale, tuliambiwa, walirudi madrasa na juzuu zao kamili.

Pengine msomaji atasema: maradhi yale yamepita, tuna haja gani nayo? Twajibu ya kwamba kutengwa hakukuja na korona wala hakukuondoka nayo. Mzee aliyevunjika nyonga yumo katika karantini. Bibi aliyepandishwa ghorofa ya nne katika jumba lisilo na lifti, akawa hashuki ila kwa jeneza au kwa hospitali, naye yumo. Masika yakinyesha wiki mbili, baraza huwa tupu. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2025, limekadiria kwamba mtu mmoja katika kila sita duniani huteswa na upweke, na kwamba upweke huhusika na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Hesabu hiyo si ya wazee peke yao, wala si ya nchi za mbali peke yake. Na nyumba yenye watu kumi yaweza kuwa na mpweke mmoja ndani yake, akipewa chakula kwa wakati na asiulizwe neno.

Kwa hivyo twapenda kuwausia wenzetu mambo machache, tuliyoyachukua katika safari ile.

Kwanza, mzee asipewe tu, aombwe. Mwombeni akusikilizeni Kurani, au akufundisheni kusuka, au akuelezeni nasaba ya ukoo, au achambue mchele. Kazi iwe ya kweli, si ya kumpumbaza kama mtoto, maana mzee hutambua mara moja.

Pili, iwe na saa yake. Ahadi ya "tutakuja siku moja" ni adhabu kwa mtu asiye na jambo jingine la kungojea. Dakika kumi kila siku saa kumi alasiri ni bora kuliko mchana mzima wa Idd.

Tatu, walimu wa madrasa na tuandikiane na nyumba za wazee zilizo karibu nasi, na wazee wapweke wa mitaa yetu, sasa hivi, milango ikiwa wazi, ili ikifungwa tena tuwe tunajuana majina na sauti. Nyumba ile ilihangaika wiki tatu ikitafuta njia. Sisi tuliokwisha kusikia habari yake hatuna udhuru huo. Madrasa yetu imeanza na wanafunzi wale sita, kila mmoja na mzee wake, mara mbili kwa wiki.

Nne, vijana wenye simu, tieni sauti za wazee wenu humo. Mwulizeni babu, kabla hamjalala usiku wa leo, alizaliwa wapi na nani alimfundisha kusoma. Kesho mwulizeni jambo la pili.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha ya kwamba asiyemheshimu mkubwa wetu si katika sisi, na heshima hiyo haikomi kwa shikamoo na kubusu mkono. Kumhitaji mtu ni sehemu ya kumheshimu, na wazee wetu wana mengi ambayo bado twayahitaji.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliofariki katika mwaka ule wa shida bila jamaa zao kuwapo, awape afya wazee walio hai, na atuwezeshe sisi na watoto wetu kuwaendea kabla ukurasa wao haujabaki mtupu. Amin.